Habari ya Shamba la Bondeni

Costancia alikuwa na tabia moja iliyomchosha mumewe: hakuweza kuliacha neno lipite bila kulihoji. Akiona mgahawa pale barabara kuu ya Mikumi umeandika "chakula bora kuliko vyote", atataka kujua ni nani aliyekwenda kuvionja hivyo vingine. Urbanus akisema "watu wanasema", atamuuliza watu gani. Kwa hiyo siku alipopata kazi ya kuhariri habari kwenye redio ya jamii, Urbanus alishukuru sana, maana maswali yale sasa yalikuwa na mahali pa kushinda mchana.

Pale redioni kulikuwa na mwongozo wa uandishi na uhariri, kurasa zilizobanwa kwa pini na jalada lililovishwa plastiki. Aliuandika Nassir, mkuu wa chumba cha habari, mtu aliyehariri magazeti Dar es Salaam hadi macho yakaomba kupumzika. Vijana waliuita Katiba kwa kumtania, naye akalipenda jina. Katiba ilikataza mengi. Ilikataza "wananchi wenye hasira kali", ikauliza ukali huo ulipimwa kwa mizani gani. Ilikataza kumwita mtu mwizi kabla mahakama haijasema. Ilikataza kutaja kabila la mtu pale ambapo kabila lake halikuhusika na jambo. Na mahali fulani katikati palikuwa na mstari ambao Costancia aliupenda kuliko yote: "Anayetuhumiwa huulizwa kabla habari haijasomwa. Kama hana simu, tunamfuata."

Wengine waliiona Katiba kama askari wa barabarani, ipo ili ikukamate. Costancia aliisoma kwa hamu, kama mwingine anavyosoma hadithi. Kila katazo, alihisi, lilikuwa na tukio nyuma yake, kuna siku mtu fulani alikosea na mwingine akaumia. Alikuwa akimuuliza Nassir, "Mzee, hii ya kutopiga picha wafiwa ilitokana na nini?" Nassir hakukosa kisa.

Jioni moja ya mwezi wa nane, Cleopa, mwandishi wao wa Kilosa, alituma habari kwa WhatsApp. Costancia aliifungua kwenye kompyuta.

"Wafugaji wavamizi wenye roho ya kinyama wamelivamia shamba la mkulima mnyonge huko Chanzuru na kuteketeza mbaazi zote, huku wananchi wenye hasira kali wakiwashikilia ng'ombe hao na kuapa kuwachinja wote kesho baada ya mkutano wa kijiji."

Alicheka peke yake. Cleopa alikuwa kijana mzuri, mwepesi wa miguu, ila akishika simu kuandika anakuwa mhubiri. Costancia akaanza kazi. "Wavamizi" akaifuta, kwa sababu ndilo jambo lenyewe linalobishaniwa. "Roho ya kinyama" ikaenda. "Mnyonge" nayo, maana nani alimpima. Hasira kali ikatoka bila kuaga. Ikabaki habari nyembamba, safi: ng'ombe wamekula mbaazi Chanzuru, wanakijiji wanawashikilia, kuna wanaotaka kuwachinja. Akaridhika, akashuka sentensi ya pili kutafuta jina la mkulima.

Lilikuwa jina la baba yake. Mzee Kornelio, na kitongoji chake, na shamba lake la bondeni.

Alisoma tena. Kisha likamjia jambo ambalo hakulitegemea: alitamani kuyarudisha maneno yote aliyoyafuta. Yote, na kuongeza mengine. Roho ya kinyama sasa ilionekana maneno machache mno. Vidole vilikuwa bado juu ya kompyuta, na kwa hakika angeweza, hapakuwa na mtu aliyemwangalia.

Akainuka akaenda kwa Nassir.

"Mzee, hii habari ni ya baba yangu."

Nassir alivua miwani. "Basi si yako. Mwachie mtu kiti."

"Nimeshaanza kuihariri."

Nassir alimfuata hadi kwenye kompyuta, akasoma. "Naona. Umeihariri vizuri." Aliketi kwenye kiti cha Costancia, akagonga meza kwa kidole. "Huyu mwenye ng'ombe anasemaje?"

"Cleopa ameandika hakupatikana."

"Hakupatikana, au hakutafutwa?" Akampigia Cleopa, akaiweka simu mezani ili Costancia asikie.

"Shikamoo mzee," sauti ya Cleopa ilisema.

"Marahaba. Lazaro mwenye ng'ombe yuko wapi?"

"Yupo hapahapa, mzee, anazunguka tu nje ya zizi la kijiji. Watu wamejaa. Sasa mimi nikaonekane naongea naye, si watasema nimehongwa?"

"Waache waseme. Muulize."

"Nimemuuliza kidogo. Anasema aliruhusiwa. Nikamwambia na nani, akanyamaza. Anadanganya tu huyo."

"Ukijua anadanganya, andika ulivyojua. Kama hujui, rudi." Nassir alikata simu. "Haisomwi leo."

"Mzee," Costancia alisema, "baba anasikiliza."

"Najua. Ndiyo maana wewe umesimama na mimi nimekaa."

Baba alipiga simu taarifa ya habari ilipokwisha. Costancia alikuwa njiani kurudi nyumbani, kando ya malori yaliyojipanga kungoja mizani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba kavu. "Nimewaita majirani waje wasikilize. Nimetoa redio nje, nimeiweka juu ya stuli. Tumesikia tembo wamevuka barabara Mikumi. Tumesikia kiwanda cha miwa huko Ruaha kinahitaji vibarua. Ya kwangu hatukuisikia."

"Baba, mwandishi bado anafuatilia upande wa pili."

"Upande wa pili una kwato, mwanangu. Njoo uzione, ziko shambani." Sauti ikashuka. "Watu wamenicheka, Costa. Wanasema mzee, hata binti yako amekukana. Kesho jioni kuna mkutano. Wale ng'ombe, vijana wameshawanolea visu, na mimi sitawazuia."

Akakata. Costancia alisimama palepale hadi lori likampigia honi. Aliwaza visu, na huyo Lazaro akizunguka zizi. Kila mtu wa wilaya ya Kilosa anajua ugomvi wa namna hiyo unavyoweza kuishia, kwa damu ya watu na si ya ng'ombe tu. Aliogopa, na pamoja na kuogopa alitaka kujua: aliyeruhusu ni nani?

*

Mama yake, Magdalena, alikuwa Mikumi tangu masika yanaanza. Mimba ya Costancia ilikuwa ngumu, daktari alimlaza kitandani, na mama akaja na begi dogo kwa nia ya kukaa kidogo. Mimba ikawa mtoto, mtoto akataka mlezi Costancia aliporudi kazini, na begi likaendelea kukaa mvunguni. Si jambo jepesi kwa mama kuishi kwa mkwewe. Urbanus akiingia, mama hujifunika kanga kichwani na kuhamia ua wa nyuma. Hali naye meza moja. Akiona chumvi imeisha, humtuma Costancia amwambie.

Jioni ile alikuwa jikoni nyuma, mtoto mgongoni, anachambua mchicha. Costancia alimweleza yote akiwa amesimama.

"Shamba lipi?" mama aliuliza.

"La bondeni."

"La bondeni halina mbaazi."

"Baba alipanda, mama. Alichanganya na mahindi. Wewe ulikuwa huku."

Mama aliendelea kuchambua mchicha, jani moja moja, majani mazuri akiyatupa pamoja na mabovu. "Hakuniambia," alisema mwishowe.

Costancia alisubiri. Mtu akisikia shamba lake limeliwa na ng'ombe, huuliza ng'ombe ni wa nani. Mama hakuuliza. Swali lilimkaa Costancia mdomoni, karibu litoke, lakini mlango wa mbele ukalia, Urbanus akaingia akinuka oili ya malori aliyoyatengeneza kutwa, akasema, "Shikamoo mama," kutoka mbali kama ilivyopasa. Mama akaitikia, akavuta kanga, akainama kwenye sufuria. Swali likalala na njaa.

*

Asubuhi Nassir alimwita Costancia chumbani kwake na kufunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Cleopa amerudi kwa Lazaro. Amekaa naye chini, safari hii amemsikiliza. Kaa na wewe."

Lazaro alieleza hivi. Kila mwaka mahindi yakishavunwa bondeni, ng'ombe wake huingia kula mabua kwa Mzee Kornelio. Mke wa Lazaro humpelekea mama mwenye shamba maziwa kila asubuhi mwaka mzima. Maziwa kwa mabua, ndiyo makubaliano ya hao wanawake wawili. Mwaka huu mama hakuwepo, kwa hiyo Lazaro alimpigia simu. Mama akasema ingizeni. Lazaro akafika shambani akaona mbaazi fupi zimesimama kati ya mabua, akasita, akapiga tena. Mama akamwambia bondeni hatukupanda mbaazi, hizo ni maotea ya zamani, zimejiotea zenyewe, waache wale. Akawaacha.

"Kwa nini hakusema haya jana?" Costancia aliuliza.

"Cleopa alimuuliza hivyohivyo. Anasema hawezi kumtaja mke wa mtu mbele ya mkutano wa wanaume. Alikuwa tayari kugombea ng'ombe wake bila hilo." Nassir alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Sasa mama yako lazima aulizwe. Cleopa atampigia saa sita. Habari itasomwa saa kumi, kabla mkutano haujaanza. Wewe usimwambie."

"Saa sita ndiyo naenda kunyonyesha."

"Najua."

"Katiba inasemaje kuhusu mhariri anayeishi na mtu wa kuulizwa?"

"Haisemi kitu. Niliiandika nikiwa kapera." Aliangalia dirishani. "Ningeweza kukuficha. Nikaona ungeniuliza baadaye kwa nini nilikuficha, na mimi sina jibu."

*

Mama alikuwa ua wa nyuma anamwogesha mtoto kwenye beseni, mikono yote imejaa povu. Simu yake ilikuwa juu ya kigoda. Costancia alisalimia, akasimama. Aliangalia simu, akaangalia mgongo wa mama. Maneno mawili tu yangetosha: mama, usipokee. Au zaidi kidogo: sema hukumbuki. Mtu wa umri wake akisema hakumbuki, nani atabisha? Baba angebaki na heshima yake, mama angebaki na nyumba yake, na ng'ombe ni wa watu wengine. Aliwaza hivyo, na alijichukia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi kuwaza.

"Mbona hukai?" mama aliuliza.

Simu ikaita.

"Nani huyo?"

Angeweza kusema namba ngeni. "Ni Cleopa, mama. Wa redioni."

Mama aliacha kumwagia mtoto maji. Alimtazama binti yake kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. "Anataka kuniuliza."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, mama."

"Nishikie. Mikono ina sabuni."

Costancia akaiweka simu kwenye sikio la mama yake na kuishikilia. Alisikia upande mmoja tu.

"Marahaba, baba. Ndiyo mimi... Ndiyo, nilimwambia aingize... Mara mbili, ndiyo. Aliniuliza na mbaazi, nikamwambia ni maotea. Nilikuwa na uhakika. Nimelilima lile shamba tangu naolewa, nikaona hakuna wa kuniambia kitu." Mtoto alipiga maji, yakamrukia usoni, hakujifuta. "Hapana, yeye hakujua. Maziwa anayakuta kwenye chai, anadhani nanunua. Hajawahi kuuliza... Ati? Mwanafamilia?" Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Ukisema mmoja wa wanafamilia, watasema ni Brayan, na kijana wangu hajafanya kitu. Sema Magdalena. Haya. Na wewe ubarikiwe."

Costancia aliondoa simu.

"Mama, Lazaro alipokuuliza juu ya zile mbaazi, kwa nini hukumpigia baba?"

"Ningempigia ningemwambia nini? Angeuliza huyo mtu anakuulizaje wewe habari za shamba langu. Halafu yangekuja ya maziwa." Alimnyanyua mtoto, akamfunga kwenye kanga kavu. "Na yeye alipopanda angenipigia. Simu ninayo." Kisha akauliza kwa sauti ndogo lile lililokuwa likimuuma kuliko yote: "Mkwe atasikia?"

"Anasikiliza redio gereji kutwa, mama."

"Haya," mama alisema, akamkabidhi mtoto anyonye.

*

Nassir alikuwa amemwambia asirudi kazini mchana ule. Saa kumi walikaa ua wa nyuma, redio ya simu ya Costancia ikiwa katikati yao. Msomaji aliisoma habari bila kupandisha sauti, kama Katiba inavyotaka.

"Ng'ombe wamekula mbaazi katika shamba la Mzee Kornelio wa Chanzuru, wilayani Kilosa. Mwenye ng'ombe, Lazaro, anasema alipewa ruhusa ya kulisha mabua. Mke wa Mzee Kornelio, Magdalena, amethibitisha kwamba alitoa ruhusa hiyo kwa simu akiwa Mikumi, bila kujua kuwa mumewe amepanda mbaazi. Mzee Kornelio ameiambia redio hii kwamba hakuwa na taarifa ya ruhusa hiyo. Ng'ombe bado wanashikiliwa. Mkutano wa kijiji unafanyika jioni hii."

Hapakuwa na neno la kufuta. Costancia alilitafuta kwa mazoea, asilipate. Ndipo akagundua kwamba Cleopa alikuwa amemfuata baba yake na kumuuliza uso kwa uso, na kwamba baba amejua tangu mchana, na hakupiga simu. "Hakuwa na taarifa." Majirani walewale na stuli ileile, na mzee anasikia redio ikitangaza kwamba hajui kinachopita katika nyumba yake. Costancia alimwonea huruma kiasi cha kutaka kulia.

Mlango wa mbele ukalia. Urbanus hakuwahi kurudi saa hizo. Alikuja hadi kwenye mlango wa ua, akasimama hapo, mikono nyuma. Mama alivuta kanga hadi machoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Nimepita nikanunua mkate," Urbanus alisema. "Nikaona leo ninywe chai hapahapa nyumbani." Akaketi kwenye kizingiti, mbali kidogo na mkwewe, akaanza kuufungua mkate na kumwachia mama nafasi ya kukaa alivyokaa. Costancia hakuwa amewahi kumpenda hivyo.

Walikuwa bado hapo uani, chai imeshanywewa na jua linashuka, simu ilipoita. Ilikuwa ya Costancia.

"Shikamoo baba," alisema.

Baba hakuitikia. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi na mlio wa ng'ombe mwenye kiu. Tangu Costancia ajue kusema, baba yake hakuwahi kuiacha shikamoo yake ikielea namna ile, na ilimuuma zaidi ya tusi.

"Mpe mama yako simu."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Wakaongea Kisagara, ambacho Costancia alikisikia vizuri ila hakukisema.

"Ndiyo, nilisema hivyo," mama alisema. "Ndiyo. Tangu Brayan anaanza shule... Nilikosea, sikatai. Na wewe mbaazi ulipanda lini?" Akasikiliza. "Basi tumekosea wawili." Akasikiliza tena, muda mrefu, na uso wake ukabadilika. Akaziba simu kwa kiganja.

"Yuko mbele ya mkutano," alimwambia Costancia. "Mwenyekiti amesema mwenye shamba ndiye aseme la mwisho kuhusu hao ng'ombe. Watu wote wanamsubiri."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Ananiuliza mimi."

Costancia alifungua mdomo. Yeye wa maneno, yeye wa kuuliza watu gani na kwa mizani gani, alitafuta neno la kumpa mama yake na hakulipata. Urbanus aliangalia chini. Mama hakuwa akimsubiri mtu. Alikuwa anawaza tu, kama anavyowaza kiasi cha chumvi. Akaondoa kiganja.

"Wafungulie. Mbaazi tutaongea mimi na wewe na Lazaro na mke wake. Kesho nakuja."

Hakukata simu, wala baba hakukata. Ilibaki mkononi mwake, na wote watatu pale uani wakasikia makelele ya mkutano yakipungua, halafu sauti ya Mzee Kornelio, kubwa na yenye mikwaruzo, ya mtu anayesema na kijiji kizima.

"Mke wangu amesema wafunguliwe." Mtu alipiga kelele ya kupinga. Mzee akarudia, polepole, ili asiwepo wa kusema hakusikia. "Si mimi. Magdalena amesema. Fungueni."

Muda wote wa ndoa yao alikuwa akimwita "Mama Costancia", hata wakiwa wawili peke yao. Mama aliishusha simu magotini. Kanga ilikuwa imemtoka kichwani, mkwe yuko palepale mlangoni, naye hakuivuta.

"Amenitaja kwa jina," alisema.